Shemeji yangu kamvunja mtu mguu uwanjani, shahidi ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni nahodha wa timu ya ridhaa. Hatulipwi, tunacheza kwa mapenzi, lakini ligi yetu ina ushindani wa kweli na mashabiki wenye midomo. Beki wetu wa kati ni mume wa dada yangu. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji, na mimi ndiye niliyemleta kwenye timu.

Mechi ya kwanza dhidi ya wapinzani wetu wakubwa, winga wao mmoja, kijana mdogo tu, alimfanyia shemeji vitu vibaya. Alimpiga chenga, akampiga tobo, akamkalisha chini mbele ya uwanja mzima. Mashabiki wakapata cha kuimba mpaka siku ya marudiano.

Usiku wa kuamkia marudiano shemeji akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp: "Yule dogo kesho hamalizi mpira. Atatoka amebebwa." Watu wakajibu kwa vicheko. Kesho yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo akayarudia maneno yale yale. Kocha alisikia, akasema tu tukacheze mpira.

Kipindi cha pili yule winga akapokea pasi pembeni, akaigusa mara moja, akampa mwenzake. Nilimwona shemeji akitoka nafasi yake akikimbia kumfuata. Mimi macho yangu yaliufuata mpira, kwa hiyo mguso wenyewe sikuuona. Nilisikia mlio, nikageuka, nikakuta kijana yuko chini na mfupa wa muundi umevunjika, unaonekana kabisa kwamba umevunjika. Refa akatoa kadi nyekundu. Baadaye chama cha mpira kikamfungia shemeji mpaka mwisho wa msimu na kumtoza faini. Tukadhani yameisha.

Sasa familia ya kijana imekwenda polisi. Mpelelezi amenipigia simu, anataka nikaandike maelezo. Timu imefanya kikao, ikaamua sote tuseme kwamba shemeji aliufuata mpira akachelewa. Katibu ameagiza kila mtu afute ule ujumbe wa sauti. Mimi bado ninao. Dada yangu ana watoto wadogo na kila nikimpigia analia. Shemeji mwenyewe anasema alitaka kumtisha tu.

Shangazi, mimi naamini ya uwanjani yabaki uwanjani. Zidane alimpiga Materazzi kichwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006, dunia nzima ikishuhudia, na hakuna polisi aliyemgusa. Kipa Schumacher wa Ujerumani Magharibi alimwangusha Battiston wa Ufaransa mwaka 1982 mpaka akapoteza fahamu na meno, na hata faulo haikupigwa. Kila anayevaa njumu anajua anaweza kuvunjika. Shemeji ameshaadhibiwa, kwa nini aadhibiwe mara mbili? Na nikisema ninayoyajua, nitaingiaje tena kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo?

Nisaidie.
Nahodha

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ujumbe wa sauti, maana huo hauwezi kungoja. Usiufute. Usiusambaze pia, wala usiukate vipande vipande ukamtumia mtu. Uache ulivyo kwenye simu yako. Polisi wameshaanza kuchunguza, na wewe umeshapigiwa simu. Kufuta kitu unachojua kwamba ni ushahidi ni kosa katika nchi nyingi, na anayeagiza wengine wafute anakuwa na kosa lake mwenyewe. Katibu wenu anadhani anamwokoa beki. Kwa hesabu yangu anatengeneza washtakiwa wapya ndani ya timu moja, tena bure, kwa sababu ujumbe uliokwenda kwenye simu za kikosi kizima hauzikiki. Inatosha mchezaji mmoja wa akiba mwenye kinyongo na kocha.

Sasa hoja yako kwamba ya uwanjani yabaki uwanjani. Nakuelewa, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Sipendi kuona askari akingoja kando ya mstari kila beki anapochelewa. Lakini sijui nchi ambayo mstari wa chokaa unazuia sheria ya jinai kuingia. Swali hili ni la zamani kuliko Kombe la Dunia lenyewe. Mwaka 1878 huko Uingereza mchezaji alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia baada ya kumgonga mpinzani kwa goti tumboni, yule mtu akafariki. Jaji Bramwell aliwaambia wazee wa baraza kwamba hakuna kanuni ya mchezo wowote inayoweza kuhalalisha kitu ambacho sheria ya nchi inakikataza. Hata hivyo mshtakiwa aliachiwa, kwa sababu haikuonekana kwamba alikuwa na nia ya kuumiza. Miaka 20 baadaye, 1898, kesi nyingine inayofanana nayo ilisikilizwa, ya mchezaji aliyemrukia mwenzake mgongoni kwa magoti. Huyo alitiwa hatiani. Mwanamume alikufa katika kesi zote mbili, mpira ni ule ule, majibu yakatofautiana.

Ndiyo maana ukubwa wa jeraha haukupi jibu. Watu wengi hukosea hapo, wakiwemo ndugu wa majeruhi wanaokwenda polisi na picha ya mguu. Mwaka 2010 Nigel de Jong alimvunja Hatem Ben Arfa mguu katika Ligi Kuu ya England. Hakuonyeshwa hata kadi, na hakuna shtaka lililofuata. Aliyemwadhibu ni kocha wake wa timu ya taifa ya Uholanzi, aliyemwacha nje ya kikosi. Mguu umevunjika vibaya na bado si jinai. Upande wa pili, mtu anaweza kupigwa kichwa, akainuka akaendelea na maisha, na aliyempiga akaenda gerezani. Muulize Duncan Ferguson. Aprili 1994 akiwa Rangers ya Scotland alimpiga kichwa beki wa Raith Rovers. Refa hakumtoa nje. Mahakama ilimpa kifungo cha miezi 3, akakaa ndani siku 44, na wakati huo alikuwa ameshauzwa Everton. Kweli, alikuwa na makosa ya ugomvi mitaani kabla ya hapo na mahakama iliyatazama. Lakini kichwa chenyewe kilipigwa ndani ya mechi, mbele ya maelfu ya watu.

Kwa hiyo Zidane na Schumacher uliowataja hawathibitishi kwamba sheria haiingii uwanjani. Wanathibitisha kwamba siku ile hakuna aliyeisukuma. Waendesha mashtaka huchagua, na mara nyingi huchagua kuacha. Unaweza kuuita huo upendeleo, na pengine ni upendeleo kweli, lakini shemeji yako hawezi kuutegemea, kwa sababu kwake familia imeshakwenda na faili limeshafunguliwa.

Mahakama hutazama nini basi? Kesi inayonisaidia zaidi kueleza ni ya Barnes, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya England mwaka 2004. Ilikuwa mechi ya ridhaa, kama yenu. Mchezaji aliingia kwa nguvu na kwa kuchelewa, mguu wa mpinzani ukaumia vibaya, akatiwa hatiani. Kwenye rufaa hatia ikafutwa. Jaji Mkuu Woolf alisema mashtaka ya jinai yabaki kwa vitendo vizito kweli, kwa kuwa mchezo una vyombo vyake vya nidhamu na aliyeumia ana njia ya kudai fidia. Akaongeza jambo ambalo shemeji yako atalipenda: hata rafu inayostahili kadi nyekundu yaweza isifikie kiwango cha jinai. Watu hupitiwa, damu ikiwa inachemka. Cha kutazama ni aina ya mchezo na kiwango chake, kitendo chenyewe, nguvu iliyotumika, hatari iliyokuwepo ya kuumiza, na alichokuwa nacho kichwani yule aliyetenda.

Hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, hata kama hukulitaja kwa jina.

Mchezaji anapovaa njumu anakubali kuumizwa na mchezo. Anakubali kukanyagwa, kugongana vichwa hewani, kukatwa na beki aliyechelewa, hata kukatwa kwa makusudi ili shambulio lizimwe, maana faulo ya namna hiyo nayo ni sehemu ya mpira tunaoujua. Hakukubali kuwindwa. Na vitu viwili katika barua yako vinanitia wasiwasi kuliko mlio wa mfupa: mpira ulikuwa umeshaondoka, na maneno yalikuwa yametangulia. Kanuni ya 12 ya mpira yenyewe inatenganisha mambo haya. Kuna kuingia kwa nguvu kupita kiasi wakati mnagombea mpira, na kuna kumshambulia mtu wakati hamgombei chochote. Zote mbili ni kadi nyekundu, lakini refa huziandika tofauti kwenye ripoti yake. Tafuteni ripoti hiyo mwone aliandika nini. Naamini mpelelezi ameshaiomba.

Usije ukamwambia shemeji kwamba mpira ungekuwa miguuni mwa yule winga angekuwa salama moja kwa moja. Desemba 2004 kule Uholanzi, Rachid Bouaouzan wa Sparta alimvunja mguu Niels Kokmeijer wa Go Ahead Eagles kwa rafu ya kutisha, mechi ya wachezaji wa kulipwa, na Kokmeijer hakucheza tena. Bouaouzan alitiwa hatiani kwa kujeruhi vibaya, akapewa kifungo cha miezi 6 kilichoahirishwa, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaiacha hatia hiyo isimame. Na England, mwaka 2010, mchezaji mmoja wa ridhaa alikiri kosa la kumvunja mtu mguu kwa rafu, akafungwa miezi 6.

Kuhusu maneno, mkumbuke Roy Keane, nahodha wa Manchester United. Aprili 2001 alimwingilia Alf-Inge Haaland wa Manchester City kwenye goti, akapewa nyekundu, akafungiwa mechi 3 na kupigwa faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata alipotoa simulizi ya maisha yake akaeleza kisasi alichokuwa nacho moyoni, na chama cha soka cha England kikamrudia: mechi 5 zaidi na pauni 150,000. Hayakwenda mahakamani. Lakini tazama kilichobadilika. Picha za video zilikuwa zile zile, hakuna goti jipya lililopigwa. Maneno yake peke yake ndiyo yaliyoigeuza rafu ile kuwa kitu kingine machoni pa waliohukumu.

Sasa, je, "hamalizi mpira, atatoka amebebwa" ni kusudi la kuvunja mguu? Sijui, mwanangu, na wewe hujui. Mabeki husema hivyo kila wiki, kisha wanacheza dakika 90 bila kumgusa mtu. Wakili mzuri wa shemeji yako atasimama hapo hapo, na ana haki ya kusimama. Hiyo ni kazi ya wakili na ya hakimu. Kazi yako ni nyepesi kuliko unavyoibeba: utasema ulichosikia, kwa maneno yale yale yaliyotamkwa, na ulichokiona. Hukuuona mguso. Sema hukuuona. Usiseme alifuata mpira, kwa kuwa hukuona; usiseme alikusudia kuvunja, kwa kuwa hukuwa ndani ya kichwa chake. Ulimwona akitoka nafasi yake, mpira ukiwa umeshatolewa. Sema hivyo. Akikuuliza mpelelezi unavyofikiri wewe, mwambie kufikiri si ushahidi. Watu wa timu wanaotaka kusema "alifuata mpira" wangekuwa na nafuu kama wangeliona tukio. Nina hakika nusu yao, kama wewe, walikuwa wanatazama mpira.

Kabla hujaandika lolote, pata dakika za kukaa na wakili wako mwenyewe, si wa timu wala si wa shemeji. Kuna nchi ambazo sheria inawalinda ndugu wa karibu wasilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yao kwa wao, na nyingine kinga hiyo inaishia kwa mke na mume tu. Wakili wa kwenu atakuambia kama shemeji anaingia humo. Kama unayo haki ya kukaa kimya, kukaa kimya ni halali. Kudanganya si halali popote. Wenzako kwenye kikao hawakutenganisha haya mawili, na usikubali wakuchanganye.

Unauliza adhabu mara mbili. Mfanyakazi akiiba, mwajiri humfukuza na mahakama humfunga, na hakuna anayesema kaadhibiwa mara mbili. Chama cha mpira kimemwadhibu kama mwanachama wake aliyevunja kanuni zake. Kumfungia mechi hakumlipi kijana hata siku moja ya matibabu. Vyama vya mpira hukataza wanachama wao kukimbilia mahakama za kawaida kwa mizozo ya mpira, hilo ni kweli, lakini katazo hilo halimfungi mikono mwendesha mashtaka.

Kwa maoni yangu, na hapa wapo watakaonizomea, jinai ndiyo njia mbaya zaidi ya kumaliza mambo mengi ya namna hii. Hata ikimpata mtu na hatia, mara nyingi majeruhi hubaki na mguu wake na deni lake. Njia inayomfaa aliyeumia ni madai ya fidia, na huko kiwango cha kuthibitisha ni cha chini: hahitaji kuonyesha kusudi, anahitaji kuonyesha kwamba mwenzake hakuchukua tahadhari ambayo mchezaji wa kiwango chake angechukua. Mwaka 1985 mahakama ya England ilimwamuru mchezaji wa ligi ndogo ya ridhaa, mtu wa kawaida tu, amlipe mpinzani aliyevunjika mguu pauni 4,900. Kwa wachezaji wa kulipwa fedha huwa nyingi. Gordon Watson wa Bradford City, aliyevunjwa mguu mwaka 1997, alipata zaidi ya pauni 900,000 kutoka kwa mchezaji aliyemvunja na klabu yake, Huddersfield Town. Wapo wanaoshindwa pia. Paul Elliott wa Chelsea, aliyemalizwa goti mwaka 1992, alimshtaki Dean Saunders wa Liverpool akashindwa mwaka 1994, kwa sababu jaji aliridhika kwamba Saunders aliufuata mpira.

Umeona ni wapi yote yanarudi. Mpira ulikuwa wapi?

Timu yenu basi iache kupoteza muda kupanga maneno, itazame kama ina bima, na kama haina, ikae ifikirie itamsaidiaje yule kijana. Klabu inaweza kuunganishwa kwenye madai, na kocha aliyesikia vile vitisho akampanga mtu yule yule ana maswali yake ya kujibu. Shemeji akitaka kwenda kuomba radhi na kuchangia matibabu, ni vyema, lakini apitie kwa wakili wake na asiende na sharti la kwamba familia ifute malalamiko. Radhi yenye sharti la namna hiyo inaweza kusomwa kama jaribio la kumnunua shahidi. Na hata familia ikisamehe, kesi ya jinai iko mikononi mwa serikali. Msamaha unaweza kuipunguza makali au kuimaliza, inategemea nchi na inategemea mwendesha mashtaka.

Kile chumba cha kubadilishia nguo? Pengine hutaingia tena. Sitakudanganya kwamba watakupongeza. Wengine watakuita msaliti, na huenda ukalazimika kutafuta timu nyingine msimu ujao. Lakini fikiria na upande wa pili: ukisaini maelezo ya uongo, kila mmoja wa wale mliokubaliana naye atakuwa ameushika mkia wako kwa miaka, na siku wakigombana na wewe watauvuta. Unahodha wa namna hiyo siutaki kwa mwanangu.

Kabla hujakwenda kwa mpelelezi, nenda kwa dada yako. Si kwa simu. Mwambie unakwenda kusema ulichosikia na ulichoona, na kwamba hutaongeza neno la kumwangamiza mumewe. Usimwombe ruhusa, kwa sababu akikukatalia utabaki pabaya zaidi ya hapo ulipo. Mwambie pia mumewe atafute wakili leo, aache kumweleza kila anayemuuliza kwamba alitaka kumtisha tu. Sentensi hiyo anaiona kama utetezi wake. Mwendesha mashtaka ataiona kama nusu ya kukiri.

Shangazi